Siku Nilipovusha Pingili za Baba Ng'ambo

Juzi alipita mtu na baiskeli mbele ya kibanda changu cha chakula hapa Segese, nyuma amefunga mzigo wa mabingobingo yaliyokatwa asubuhi ile ile, mabichi, yanachuruzika umande njia nzima. Alikuwa anawapelekea ng'ombe wa maziwa wa mzee mmoja huku nyuma ya soko. Harufu ile ikanipiga puani mpaka kwenye unyayo. Niliacha mchuzi jikoni, nikaacha wachimbaji wanne mezani, mmoja ameshika tonge hewani, nikamfuata yule mtu hadi kona ya mashine ya kusaga. Akasimama, akageuka.

"Mama, vipi? Tairi limetoboka?"

"Hapana, baba, wewe endelea tu. Mimi nanusa."

Akanyonga baiskeli kama anakimbizwa na fisi wawili. Nami nikarudi kwenye mchuzi ulioungua, moyo wangu uko Kishapu, upande wa Songwa, kwenye kona ya mto ambayo mpaka leo watu wanaiita kwa jina langu. Wapo walioitiwa shule, wapo walioitiwa barabara. Mimi nimeitiwa kona ya mto, na nitaeleza kwa nini, kwa sababu watoto wangu wanadhani nimeitunga.

Wenzangu mliokulia kwenye mbuga ile nyeusi mnajua. Udongo ukilowa unakuvua ndala na kuzimeza, ukikauka unapasuka nyufa za kulaza mbuzi. Mto wetu kwenye ramani hauna hata jina la maana. Kiangazi ulikuwa barabara ya mchanga tu. Tulichimba visima vya kiganja humo humo ndani ya mchanga tukachota maji kwa kibuyu. Lakini mvua ikinyesha kwa watu wa juu, mto ulikuja na sauti ya malori mia moja. Na kingo zake zilikuwa tupu kama kichwa cha mtoto aliyenyolewa. Miti ilikwisha kuwa mkaa, nyasi zilikwisha kuwa ng'ombe, na mchanga wenyewe ulikwisha kuwa nyumba za mjini. Hakukuwa na kitu cha kuushika udongo, kwa hiyo mto uliula.

Baba alirithi majaruba manne ya mpunga kando ya kona ile. Nilipojua kuhesabu yalikuwa matatu. Nilipofika darasa la kujumlisha, mto ulikuwa unatufundisha kutoa, na nilipofika darasa la tatu lilibaki moja. Moja, na tuta lake la upande wa mto lilikuwa limeanza kuning'inia.

Jioni moja tunakula, Baba akaweka tonge chini.

"Mama Kabula, jaruba hili likienda msimu huu, mimi naenda Geita, mashimoni. Nikipata pa kulala, mnanifuata."

Mama hakuinua hata macho. "Mtu aliyekula mpunga wa juu ya ardhi miaka yote, leo anataka kujizika akiwa mzima?"

"Sasa tutakula nini? Tutakula kingo?"

"Kula kwanza hicho kilichopo."

Mimi Kabula nikasimamisha kutafuna. Kwa akili yangu, watu wa Geita waliishi ndani ya mashimo, familia nzima, baba, mama na sufuria. Nilikuwa na ndama wangu mweupe anaitwa Sabuni. Usiku kucha nilikuwa nawaza Sabuni atashushwaje na kamba. Nikaapa hatuhami. Msichana wa miaka tisa akiapa, jamani, hata mto unapaswa kuogopa.

Bwana miti alikuwa ameshatuletea miche miaka mitatu mfululizo. Alikuwa kijana mpole, pikipiki yake ilikohoa kuliko babu. Kila mwaka watu walipiga makofi, wakapanda, wakaenda nyumbani. Kila mwaka mbuzi walikuja mtoni, wakala, wakashukuru kwa lugha yao. Mwaka wa nne akaitisha mkutano palepale kwenye mchanga, katikati ya mto mkavu. Watu wa kwetu walikaa upande wetu. Watu wa ng'ambo walikaa upande wao, na mbele yao alikaa mjomba wangu Limbu, kaka yake Mama.

Hapa nisimame kidogo kwa ajili ya wale ambao si Wasukuma. Kwetu ngoma haichezwi tu, inashindaniwa. Kuna Wagalu na kuna Wagika, na mtu anazaliwa humo kama anavyozaliwa na pua yake. Siku ya mashindano, makundi mawili yanapiga ngoma kwa wakati mmoja, kwenye uwanja mmoja, huku na kule. Watazamaji wanaanzia katikati. Kundi likipamba moto, watu wanalihamia, wanakimbia kwa mamia, mpaka upande wa pili unabaki na ngoma zake na mbwa wawili. Hakuna karatasi ya alama. Umati ulikohamia ndiko kwenye ushindi.

Baba alikuwa mchezaji wa mbele wa Wagalu. Akiruka, nasema kweli, mvua ilimpita chini. Mjomba Limbu alikuwa ningi wa Wagika, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo, mwenye sauti ya kuamsha ng'ombe wa wilaya jirani. Mama alizaliwa Mgika akaolewa kwa Mgalu. Akiulizwa yuko upande gani alijibu, "Mimi niko jikoni."

Basi bwana miti akaanza tena habari ya miche. Mjomba Limbu akamkatiza.

"Bwana miti, usihangaike na upande ule. Shemeji yangu na mto wanapendana. Kila mwaka mto unakuja kumsalimia, na kila mwaka hauondoki bila zawadi."

Watu wa ng'ambo wakacheka. Baba akasimama, akakung'uta suruali.

"Kweli shemeji, mimi nilitoa jaruba. Wewe mwaka jana ulitoa choo. Tena kilikuwa na mtu ndani."

Hapo mkutano ulivunjika mbavu. Mtu mwenyewe aliyekuwa chooni alikuwepo, akajifunika kofia usoni. Bwana miti naye akacheka mpaka kalamu ikamdondoka, na alipoiokota akasema kitu cha maana kuliko vyote alivyowahi kusema.

"Sasa kwa nini msishindane?"

Baba akamtazama Mjomba, Mjomba akamtazama Baba.

"Misimu miwili ya mvua," Mjomba akasema. "Kila kundi na ukingo wake. Wazee watapita kuangalia."

"Atakayeshindwa anachinja dume," akasema Baba.

"Dume ni nini? Dume kila mtu anachinja. Atakayeshindwa anavuka, anakuja kucheza chini ya ngoma ya mwenzake, uwanjani kwa mwenzake, watu wote wakiangalia."

Nikasikia akina mama wakivuta pumzi. Mgalu kucheza kwa ngoma ya Wagika! Afadhali atembee uchi sokoni Mhunze siku ya mnada. Baba akapeleka mkono. Wakashikana.

Kazi niliyoiona baada ya hapo sijawahi kuiona tena, na sasa naishi kwenye mji wa watu wanaovunja miamba. Kwanza wakazungushia uzio wa minyaa ili ng'ombe wasiingie, kama tunavyofunga ngitili, yale malisho yanayopumzishwa mpaka kiangazi kikali. Ukikata mnyaa maziwa yake yanaruka, yakikuingia jichoni unaona nyota mchana. Watoto tulifukuzwa kwa fimbo. Ndani ya uzio, pale kwenye mdomo wa ukingo, wakapanda matete na mabingobingo, mstari nyuma ya mstari. Mabingobingo hayapandwi kwa mbegu, hukatwa mashina yake vipande vipande, ndizo pingili, ukachomeka udongoni. Wagalu wa Baba walikata kwa mshazari, kila pingili macho mawili ya kuchipua. Wagika walikata mkato wa kunyooka, macho matatu. Kila upande uliapa kwamba upande wa pili unaua mimea. Kutwa nzima huku wakiimba, kule wakiitikia kwa matusi ya heshima, majembe yanaanguka kwa mdundo mmoja. Mama alijaza kibuyu kwenye kisima cha katikati, akamwagilia huku kidogo na kule kidogo. Baba akalalamika.

"Mama Kabula, unawanywesha maadui!"

"Namwagilia mto," Mama akasema. "Nyie ndio mna pande."

Wiki ya tatu pingili zilianza kutoa majani. Upande wetu ulipendeza, hasa kwenye kona, mbele ya jaruba letu, ambako Baba alizipanda mwenyewe kwa kamba, zimenyooka kama wanafunzi mstarini. Wapita njia walisimama kutazama. Jirani mmoja akamwambia Baba, "Aisee, hapa umeshinda tayari. Kila mtu anaangalia upande wako."

Baba akafurahi. Mimi nikaingiwa na hofu.

Maana nilijua kushinda ni nini. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu mashindano kila kiangazi tangu nabebwa mgongoni. Anayeshinda anahamiwa. Umati unaacha upande mwingine, unamjia yeye, unakanyaga kila kitu. Na hapa watazamaji walikuwa nani? Nani alikaa katikati ya makundi mawili? Mto! Kwa hiyo upande wetu ukipendeza zaidi, mvua ikija mto utatuhamia sisi, wote, na mbio zake zote, na jaruba litakuwa la kwanza kukanyagwa. Nikawashangaa watu wazima. Wanapamba nyumba kumkaribisha mwizi! Baba atashinda mashindano, halafu tutahamia shimoni Geita na ushindi wetu.

Sikumwambia mtu. Mtoto mwenye akili nyingi kama zangu haombi ushauri.

Ilikuwa kazi yangu kuwanywesha ndama mchana, jua likiwa kali na watu wazima wamelala kivulini. Siku ya kwanza nikapenya kwenye uzio, nikang'oa pingili tano pale kwenye kona, nikaziweka ndani ya kibuyu kikubwa, nikavuka mchanga unaounguza hadi ng'ambo. Nikazipanda kwa Mjomba, mahali alipoachia uwazi. Nikazimwagilia vizuri. Nikaubembeleza na mto wenyewe: "Wewe, ukija nenda kule. Kule kuzuri." Siku ya pili nikavusha nyingine. Napenda kusema zilikuwa elfu moja, lakini ukweli zilikuwa kama arobaini. Kwa siku nane Sabuni na wenzake walikunywa maji mpaka wakanichukia.

Siku ya tisa Baba, aliyekuwa akimalizia mistari ya mbali, alikwenda kwenye kona akakuta pengo la upana wa nyumba.

Sijasahau jinsi alivyokuja mbio, hana kofia. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa Meatu, meusi, na watu wote walikuwa mtoni wakimalizia kazi. Baba alivuka moja kwa moja hadi kwa Wagika, akapita na mistari yao akiwa ameinama, mpaka akasimama. Akachomoa pingili moja. Akaigeuza.

"Mshazari," akasema. "Macho mawili."

Akachomoa nyingine. "Mshazari. Macho mawili. Shemeji, mwizi anayeiba anaiba na sahihi ya mwenyewe?"

Mjomba Limbu aliweka jembe chini polepole. "Unaniita nani?"

"Nakuita unavyojiita mwenyewe. Huwezi kupanda, umeamua kuiba."

"Mbele ya dada yangu."

"Mbele ya Mungu na ya dada yako."

Sasa nyie mnanijua, napenda kuongeza chumvi. Hapa siongezi hata punje. Watu hawakupiga kelele, na hicho ndicho kilichotisha. Wagalu walianza kuvuka mchanga na majembe yao. Wagika wakasogea nyuma ya Mjomba. Mama alisimama katikati, kibuyu kichwani, maji yanamwagika begani wala hajui.

Mjomba akageukia watu wake. Ile sauti ya kuamsha ng'ombe ilikuwa imeshuka, ikawa ya mtu mgonjwa.

"Ng'oeni. Zote. Ukingo mzima, zetu na zake. Sitaki jani hata moja liseme Limbu ni mwizi. Mto uje uchukue unachotaka."

Mtu wa kwanza akainama akashika shina. Akang'oa. Wa pili akainama. Kule Meatu radi ikanguruma kwa mbali. Nikaona jambo moja tu, lakini nililiona wazi kama sahani. Wakimaliza kung'oa huku, na wa kwetu nao watang'oa kwa hasira, na mto utakuja kwenye kingo tupu kama siku zote. Na nililifanya mimi.

"Ni mimi!"

Hakuna aliyesikia. Nikakimbia nikamshika Mjomba mkono wenye jembe. "Mjomba, shikamoo. Ni mimi niliyezileta."

Hata katika hali ile akajibu, "Marahaba," halafu akashtuka. "Umezileta nini?"

"Pingili. Nilizing'oa kwa Baba nikazipanda hapa. Nilizibebea kwenye kibuyu."

Baba akaja juu. "Nani amekutuma?"

"Hakuna, Baba. Watu walisema unashinda. Watazamaji huwa wanahamia kwa anayeshinda. Nikaogopa mto utatuhamia, utabeba jaruba, twende Geita. Ndio maana nikapamba huku, ili mto uje kwa Mjomba. Mjomba hana jaruba."

Kisha Mjomba Limbu akakaa chini. Akaanza kucheka bila sauti, mabega yanatikisika, machozi yanamchuruzika, na alipopata pumzi akasema, "Bhebhe, wewe! Mto... mtazamaji!" Hapo watu wa pande zote mbili wakaangua. Yule wa chooni akagaagaa mchangani.

Baba hakucheka. Alikuwa bado ameshika zile pingili mbili. Akamkabidhi Mjomba kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa, kitu ambacho Mgalu hafanyi kwa Mgika hata akiwa anazama.

"Shemeji, nimekutukana. Mbele ya watu nimekuita mwizi, na mbele ya watu narudisha neno langu. Sema unachotaka."

Mjomba akafuta macho. Akatazama mawingu, akatazama pengo letu ng'ambo.

"Hizi arobaini zinabaki kwangu. Zimeshashika, ukizihamisha zitakufa. Kwenye mashindano zitahesabiwa ni zangu."

"Sawa."

"Na mimi nakupa zangu arobaini. Mkato wa kunyooka, macho matatu. Tunaziba pengo lako leo, kabla mvua haijafika. Na huyu," akaninyooshea kidole, "huyu mwenye akili zinazomwagika, atamwagilia pengo hilo peke yake mpaka litakapoota. Ni la kwake."

Ndugu zangu, niliwaona Wagika wakivuka mto na ngoma zao, wakapanda kwenye ukingo wa Wagalu. Mama akatua kibuyu, akachukua jembe, akapanda mstari wa mbele kabisa na hakuna aliyethubutu kumuuliza ni wa upande gani. Matone ya kwanza yalitukuta tunachomeka za mwisho. Kuanzia siku ile pale pakaitwa Kwa Kabula.

Mto wenyewe ulikuja wiki kadhaa baadaye, mchana. Tulisikia malori yake tukatoka wote. Baba alikuwa ameshafunga mfuko wake, umekaa mlangoni. Maji yalikuja na povu, magogo, na kiti kimoja kizima ambacho mpaka leo sijui mwenyewe ni nani. Yakapiga kwenye kona. Mabingobingo yangu yakalala chini kama nywele zinazochanwa, yakazama, sikuyaona tena. Nikajificha kwenye kanga ya Mama. Asubuhi yake maji yaliposhuka nikasikia Baba anaita, nikakimbia. Mabingobingo yalikuwa yameinuka moja moja, yamejaa tope mpaka shingoni, na nyuma yake tuta la jaruba lilikuwa palepale, halijapungua hata kofi moja. Baba alifungua mfuko wake, akatoa shati, akalivaa.

Baada ya msimu wa pili wazee walipita. Matete yalikuwa yamefika kimo cha Baba na mikono yake juu. Vyura walipiga kelele za mnada, kambare walirudi kwenye vidimbwi vya kivulini, na ndege walijenga viota mpaka matete yakapinda. Walikula mpunga wetu na Baba aliwatukana kwa sauti ya furaha. Wazee wakapima, wakakuna vichwa, wakasema Wagika wameshinda, kidogo tu, kwa kipande kimoja kilichojaa kuliko pote. Kilikuwa kipi? Kile cha pingili za mshazari.

Baba akavuka. Akacheza uwanjani kwa Mjomba, chini ya ngoma ya Wagika, huku Limbu mwenyewe akiimba wimbo wa mto mtazamaji. Alicheza aibu ile kwa ustadi mpaka vumbi likasahau kushuka, na akina mama wa Kigika walimshangilia kuliko wachezaji wao. Nilikuwa mabegani kwa bwana miti, najivuna kama mimi ndiye niliyemzaa.

Tulirudi nyumbani Baba amelowa jasho. Hakuingia ndani. Alipita hadi kwenye kona, na sisi nyuma yake, akasimama pale ambapo zamani palikuwa na jaruba la pili, na miaka miwili nyuma palikuwa na hewa tupu. Mabingobingo yalikuwa yamenasa tope msimu baada ya msimu, na sasa palikuwa na ardhi, nyeusi, laini, inang'aa. Akaipima kwa hatua kwenda na kurudi. Akachutama, akaminya udongo kiganjani, akaunusa.

"Mama Kabula," akasema bila kugeuka, "mwaka huu tafuta mbegu ya majaruba mawili."